INAPUNGUZA! Sawa, Inapunguza Nini?

SEHEMU YA 1

Mama zangu, dada zangu, na akina baba wachache mnaosoma humu kimya kimya bila kuacha hata komenti. Nimetoka zamu ya usiku, nimelala saa tatu tu, na nimeamka na hasira. Mnaonifuata siku nyingi mnajua huwa siandiki nikiwa na hasira. Leo naandika.

Juzi mama mmoja amekaa mbele yangu, mtoto wa miezi minne mgongoni. Nimemwomba ruhusa nisimulie, amekubali, na mambo kadhaa nimeyabadilisha ili asijulikane. Mama huyu anaishi na virusi vya UKIMWI. Tangu ujauzito alikuwa anakunywa dawa vizuri kabisa, na kipimo chake cha wingi wa virusi kilisoma chini ya 50. Yaani muda wote ule alikuwa anamkinga mwanawe kwa kidonge kimoja kwa siku.

Safari hii majibu yamerudi, virusi viko juu, maelfu kwa maelfu. Nikamuuliza taratibu, "Mama, dawa tunakunywa?" Akanyamaza. Halafu akatoa simu.

Kwenye simu kuna tangazo. Chupa, majani, daktari wa kuchora kavaa koti jeupe, na maandishi mekundu: UTAFITI UMETHIBITISHA, INAPUNGUZA VIRUSI KWA ASILIMIA 50 NDANI YA SIKU 30. Chini yake mchoro wa mstari unaoteremka kama lori linashuka Kitonga. Alitumiwa na mtu anayemwamini, kwenye kundi la akina mama. Akaweka ARV kabatini, akanywa ya chupa wiki saba. Na ananyonyesha.

Msiniulize majibu ya mtoto. Hayo ni ya mama yake, si ya mtandaoni.

Sikumgombeza. Mtu akiambiwa kuna kitu cha kumtoa kwenye vidonge vya kila siku, na akaonyeshwa mpaka mchoro, nani asingetamani? Hasira yangu ni kwa aliyeuchora ule mstari. Kwa hiyo nitaandika sehemu kadhaa juu ya neno moja tu: INAPUNGUZA. Inapunguza sukari, inapunguza presha, inapunguza mafuta, inapunguza virusi. Neno hili siku hizi linaingia mpaka jikoni kwetu na kwenye vikombe vya watoto bila hata kubisha hodi. Nawaomba msome mpaka mwisho ndipo mnijibu.

SEHEMU YA 2

Kwanza tuelewane. Mwilini kuna vitu tunavyoweza kuvipima: sukari, wingi wa damu, presha, joto, virusi, vimelea vya malaria. Watafiti wanaviita viashiria. Kiashiria si ugonjwa, na wala si mgonjwa. Ni kama mshale wa mafuta kwenye gari. Mshale ukishuka inaweza kuwa mafuta yamepungua kweli, na inaweza kuwa waya umekatika.

Sasa turudi kwenye ile asilimia 50.

Virusi vinahesabiwa kwa nakala ngapi zipo kwenye mililita moja ya damu. Mtu asiyetumia dawa anaweza kuwa na elfu kumi, laki moja, hata milioni. Chukua damu ya mtu yule yule leo na wiki ijayo, asile dawa yoyote, asibadilishe chochote: namba hazitalingana. Mwili wenyewe unapanda na kushuka, na mashine nayo ina kupishana kwake. Ndiyo maana wataalamu wa vipimo hivi wanasema badiliko lisilofika karibu mara tatu halihesabiki kuwa badiliko la kweli. Ukitoka 60,000 ukasoma 30,000, ambayo ndiyo hiyo nusu ya kwenye tangazo, inawezekana kabisa hakuna kilichotokea. Mtu yule yule, virusi vile vile, siku tofauti.

ARV zinafanya nini? Zinatoa mtu 60,000 na kumpeleka chini ya 50. Piga hesabu mwenyewe kwa simu yako: kimebaki chini ya kimoja kwenye kila elfu moja. Kwenye kazi hii hatuhesabu kwa nusu, tunashuka kwa ngazi za mara kumi: 60,000, 6,000, 600, 60. Nusu haimalizi hata ngazi ya kwanza. Muuza chupa amechukua kitu ambacho maabara wangekiita hakuna badiliko, akakiandika kwa wino mwekundu.

Utaniuliza, basi kwa nini nyie manesi mnaiamini hiyo namba ya virusi? Si kiashiria tu kama vingine?

Swali zuri, na jibu lake liko jirani hapa, Rakai, Uganda. Watafiti waliwafuatilia wenza 415, ambapo mmoja alikuwa na virusi na mwenzake hana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Katika kipindi kile wenza 90 walipata maambukizi. Lakini kwa wale ambao mwenzao alikuwa na nakala chini ya 1,500, hakuambukizwa hata mmoja. Na kila wingi wa virusi ulipokuwa juu mara kumi, hatari ya kuambukiza iliongezeka karibu mara mbili na nusu. Unaona? Hawakuishia kusema namba imeshuka. Walienda kuangalia nani ameambukizwa na nani hakuambukizwa, nyumba kwa nyumba.

Halafu mwaka 2011 ukatoka utafiti mwingine wa nchi tisa, Kenya ikiwemo, ukaonyesha kwamba mtu mwenye virusi akianzishiwa ARV mapema, maambukizi kwa mwenza wake yanapungua kwa asilimia 96. Tazama vizuri hiyo asilimia ni ya nini. Si ya nakala kwenye chupa ya maabara. Ni ya watu walioambukizwa.

Kwa hiyo namba ya virusi imestahili kuaminiwa kwa sababu kuna watu walifuatiliwa nyuma yake. Ya kwenye tangazo ina nani nyuma yake?

SEHEMU YA 3

Nimeona komenti nyingi za "lakini nesi, mimi nilimpa mwanangu na ilishuka kweli kweli". Ninaamini ilishuka. Sina ubishi na macho yako. Ngoja nikueleze habari ya manjano ya kichanga.

Vichanga wengi hupata manjano siku ya pili au ya tatu. Inapanda mpaka siku ya tatu hadi ya tano, halafu kwa mtoto aliyetimiza miezi yake inashuka yenyewe, na mara nyingi ndani ya wiki mbili imeisha. Sasa niambie, mama anaogopa siku gani? Siku ya tano, mtoto akiwa njano kuliko siku zote. Na bibi anakuja na majani siku gani? Hiyo hiyo ya tano. Siku ya kumi na mbili macho meupe, majani yamesifiwa mtaa mzima, na mtoto wa jirani akizaliwa mwezi ujao sufuria linabandikwa mapema.

Majani yangekuwa maji ya kunawia mikono, manjano ingeshuka vile vile.

(Ila msininukuu vibaya. Manjano ikitokea ndani ya saa 24 za kwanza, au imefika viganjani na nyayoni, au mtoto amelegea na hanyonyi, usisubiri ishuke na usimweke mlangoni kwenye jua. Hospitali, leo hii. Ikipanda sana inadhuru ubongo, na tunayo taa ya mwanga wa bluu kwa kazi hiyo. Na kichanga hapewi maji ya glukosi wala ya majani, ni ziwa tu.)

Ndivyo ilivyo kwa vitu vingi. Watu tunapima presha siku tumezidiwa: kichwa kinagonga, umesimama kwenye daladala kutoka Mbagala, umegombana na wifi. Mashine inasoma juu. Unanunua chupa. Wiki ya pili umetulia, umelala vizuri, unapima, imeshuka. Chupa imepokea sifa ambazo ni za usingizi. Sukari nayo ni hivyo hivyo. Ya "kabla" ilipimwa saa moja baada ya wali na soda, ya "baada" ikapimwa asubuhi hujala kitu. Hata ningekuwa mimi ningeshuka.

Kwa hiyo utafiti wa kweli unafanyaje? Unachukua watu wanaofanana, unawagawa kwa bahati nasibu makundi mawili. Kundi moja linapewa dawa, lingine kidonge kinachofanana nacho lakini hakina dawa, au matibabu ya kawaida. Wote wanapimwa kwa mashine za aina moja, kwa muda ule ule. Kama makundi yote mawili yameshuka sawa, basi dawa haikufanya kitu, ni siku zilizopita. Ukionyeshwa "kabla" na "baada" bila kundi la pili, hujaonyeshwa utafiti. Umeonyeshwa kalenda.

Na kuna namba zinazokataa kushuka wakati mtu amepona. Mtoto akitibiwa malaria akapona kabisa, kile kipimo cha haraka cha kidole kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa, kwa sababu kinanusa protini ya vimelea, na protini inachelewa kuondoka kwenye damu hata vimelea vikishakufa. Nimeona mtoto kapewa mseto mara tatu ndani ya mwezi mmoja kwa sababu ya mistari miwili tu, anacheza mpira barazani.

Wajawazito nao: wingi wa damu hushuka kidogo katikati ya ujauzito kwa sababu maji ya kwenye damu yanaongezeka kuliko chembe. Usiogope kila kushuka. Ikifika chini ya 11 hapo tunazungumza, na vidonge vyako vya madini ya chuma na foliki endelea navyo.

SEHEMU YA 4

Hii nitaifanya fupi ila msiiruke, maana nimeambiwa nawaonea wafanyabiashara wadogo. Hawa nao walikuwa madaktari bingwa, Marekani, miaka ya 1980.

Walikuwa wameona kwamba watu waliopona shambulio la moyo, wale ambao moyo wao unaruka na kupiga mapigo ya ziada, wanakufa zaidi kuliko wengine. Zikawepo dawa, encainide na flecainide, zinazopunguza yale mapigo vizuri mno. Zikaidhinishwa. Zikatumika. Mantiki si imenyooka? Mapigo ya ziada yanaua, dawa inapunguza mapigo ya ziada, kwa hiyo dawa inaokoa.

Kuna watu wakasema tuhakikishe. Wakawapa wagonjwa dawa kwanza, na wale ambao mapigo yao ya ziada yalipungua ndio wakaingizwa kwenye utafiti. Kwa hiyo kila aliyeingia pale, kwenye karatasi, dawa ilishamfaa. Wangeweza kumtengenezea kila mmoja tangazo la "kabla na baada". Ndipo wakawagawa: 755 wakaendelea na dawa, 743 wakapewa vidonge visivyo na dawa.

Kwenye dawa walikufa 63. Kwenye vidonge visivyo na dawa walikufa 26.

Ilibidi sehemu ile ya utafiti isimamishwe mwaka 1989. Kiashiria kilishuka, na watu wakafa zaidi ya mara mbili. Na bila lile kundi la pili, kila aliyekufa angeonekana amekufa kwa moyo wake mbovu tu, na dawa ingeendelea kusifiwa makaburini.

Mimi nina diploma tu, lakini hii hainitoki kichwani kila nikisikia "imethibitishwa inapunguza".

SEHEMU YA 5

Sasa hii ni yetu. Naiandika polepole kwa sababu inanihusu na mimi.

Kila nesi wa wodi ya watoto anaijua hii: mama amefika na mtoto ana homa kali, mikono na miguu ya baridi, moyo unaenda mbio, mtoto amelegea. Damu haizunguki vizuri, sisi tunaita shoki. Mama analia, baba yuko mlangoni anapiga simu, na mtu wa tatu, shangazi mara nyingi, anauliza kwa ukali, "Mbona hamumtundikii dripu?" Dripu kwetu ndiyo alama kwamba mtoto anatibiwa. Asipotundikiwa, hospitali hii haina huduma.

Vitabu navyo vilikuwa upande wa shangazi. Mtoto wa shoki alitakiwa apewe maji mengi ya mshipa kwa haraka, ndani ya saa moja. Ukimpa, unayaona mabadiliko kwa macho: mikono inapata joto, mapigo ya moyo yanashuka, ukibonyeza kucha damu inarudi upesi. Viashiria vyote vinakwenda unakotaka. Unajisikia nesi.

Watafiti wakauliza swali ambalo lilionekana kama utovu wa adabu: je, hawa watoto wanapona? Wakalifanyia kazi hapa hapa kwetu, Uganda, Kenya na Tanzania. Kilifi walikuwepo, Mbale na Soroti walikuwepo, na kwetu Muheza kule Tanga. Watoto 3,141 wa miezi miwili hadi miaka 12, wenye homa kali na dalili za shoki. Wote walipata dawa zao, oksijeni, na damu kwa waliohitaji. Tofauti ilikuwa moja: kundi la kwanza na la pili walipewa maji ya haraka ya mshipa, moja albumini na jingine maji ya chumvi. Kundi la tatu hawakupewa ya haraka, walipewa maji ya kawaida ya polepole tu.

Saa moja baadaye, dalili za shoki zilikuwa zimeondoka kwa watoto wengi zaidi kwenye makundi yaliyopewa maji ya haraka. Kama wangeishia hapo, kama yule wa tangazo, wangeandika UTAFITI UMETHIBITISHA, INAPUNGUZA SHOKI. Na wasingekuwa wamesema uongo hata neno moja.

Hawakuishia hapo. Walihesabu mpaka saa 48.

Kwenye albumini walikufa watoto 111 kati ya 1,050. Kwenye maji ya chumvi 110 kati ya 1,047. Kwenye wale ambao hawakupewa ya haraka, 76 kati ya 1,044. Yaani karibu watoto watatu zaidi kwenye kila mia walikufa kwenye makundi ambayo wodini yangeonekana yanatibiwa vizuri zaidi. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake, Januari 2011.

Mwaka ule nilikuwa bado chuoni. Nakumbuka mwalimu wetu alivyotueleza, darasa zima kimya, halafu mwenzetu mmoja akauliza, "Kwa hiyo Madam, wale tuliowapa?" Madam hakujibu. Alifuta ubao.

Naomba hapa mnielewe sawasawa, maana najua kuna mtu atanakili nusu ya posti na kuipeleka kwenye kundi. Sisemi dripu ni mbaya. Watoto wa kuhara waliopungukiwa maji hawakuwemo kwenye utafiti ule, na hao wanahitaji maji, ya kunywa au ya mshipa kwa kadiri walivyo. Wenye utapiamlo mkali nao hawakuwemo. Ninachosema ni kwamba nesi akikuambia mtoto huyu maji yake yaende polepole, usimtukane, na usiende kumlipa mtu wa duka la dawa amtundikie nyumbani. Huyo nesi anaweza kuwa anakumbuka watoto 3,141.

SEHEMU YA 6

Majibu ya komenti. Nimezisoma zote, hata za matusi.

Dada mmoja ameandika nalipwa na makampuni ya dawa ya wazungu. Dada yangu, ungeuona mshahara wangu ungenichangia. Na hao wa sehemu ya 4 walikuwa na makampuni nyuma yao, nimewasema bila kumung'unya.

Wengi zaidi wamesema nachukia mitishamba. Hili nalijibu kwa kituo. Mtoto wako akilazwa leo na malaria kali, tutamchoma artesunate. Unajua imetoka wapi? Kwenye mmea, artemisia, wa kule China, mtishamba kama mtishamba mwingine. Haikuingia wodini kwetu kwa sababu ni ya kizungu. Iliingia kwa sababu ilishindanishwa na kwinini, ambayo nayo asili yake ni magome ya mti, kwenye watoto 5,425 wa nchi tisa za Afrika, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo zikiwemo. Na walichohesabu hakikuwa vimelea vimepungua kwa asilimia ngapi. Walihesabu watoto waliokufa. Kwenye kwinini 297 kati ya 2,713. Kwenye artesunate 230 kati ya 2,712. Matokeo yakatoka mwaka 2010, na kwinini tuliyoizoea miaka yote ikasogezwa pembeni.

Jani likipita njia hiyo, nitalichemsha mimi mwenyewe. Aliyelikataza lisipite ni nani? Mwenye chupa ana mamilioni ya kulipia matangazo, ana gari lililochorwa picha yake. Hana pesa ya kupima makundi mawili?

Kaka mmoja, nadhani ni mwanafunzi wa maabara, amenisahihisha kwa heshima kwamba viashiria vina kazi yake, utafiti hauwezi kusubiri kila mtu afe ndipo ujue dawa inafanya kazi. Kweli kabisa. Huwezi kusubiri miaka ishirini kujua kama presha iliyoshuka imezuia kiharusi, na kwa presha kazi hiyo ilishafanyika miaka mingi, ndiyo maana tunakusumbua nayo kila kliniki. Kiashiria ni njia ya mkato, na njia ya mkato unaipita ukiwa unajua inatokea wapi. Ninaogombana nao ni wale wanaotushusha katikati ya pori na kutuambia tumefika.

Na sisi wenyewe manesi na madaktari tusijifiche. Huyu mama wa miezi minne, mara zote tulizompima, nani alimkalisha akamweleza "chini ya 50" maana yake nini? Tulimwandikia kwenye kadi, tukasema "hongera mama, uko vizuri", foleni ni ndefu, mwingine aingie. Namba yake alikuwa nayo, maana yake hakuwa nayo. Akaja mtu mwenye mchoro na muda wa kumweleza, akamsikiliza yeye. Nimekaa na hilo tangu juzi. Sasa hivi kila mama ninayempa majibu namchorea zile ngazi nyuma ya kipande cha boksi la glavu: 60,000, 6,000, 600, 60. Inachukua dakika mbili. Foleni inanung'unika, inung'unike.

Mkitumiwa tangazo la "inapunguza", nileteeni hapa hapa tulisome pamoja. Tutauliza ilishuka kutoka ngapi mpaka ngapi, nani alipimwa na wangapi, kundi la pili liko wapi, na baada ya kushuka watu wale wakawaje. Jana nilimuuliza maswali hayo muuzaji wa ile chupa. Akanitumia picha ya karatasi mbili za maabara. Mbili. Zimetoka vituo tofauti, na jina limefutwa kwa kidole, kwa hiyo hata kama ni mtu mmoja sijui. Nikamuuliza, huyu mama anaendeleaje sasa, ananyonyesha? Amesoma ujumbe. Baadaye kidogo akaniuliza kama ningependa kuwa wakala, kamisheni ni nzuri kwa wahudumu wa afya.

Mama yetu amerudi kwenye dawa zake. Mtoto naye ameanzishiwa dawa ya kinga na yuko kwenye ratiba yake ya vipimo. Mama tutampima tena baada ya miezi mitatu, tarehe nimemwandikia kubwa kwenye kadi.

Na wewe unayesoma hii kimya kimya, uliyeweka vidonge kabatini kwa ajili ya chupa: njoo. Hata kesho, usingoje siku ya kliniki. Sema tu umekosa dozi, umeacha wiki ngapi, na unachokunywa sasa ni nini, kilete tukione. Kama ananyonya, mlete na yeye. Mimi wiki hii niko zamu ya asubuhi mpaka Ijumaa.